Giza la Duma: muziki wa kutisha unatoka wapi?

Ukimtajia Mswahili jina Duma, kichwani anamwona mnyama wa Serengeti, yule asiyeshikika kwa mbio. Mkikuyu akilisikia jina hilohilo anaelewa giza. Vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma walikuwa na maana hiyo ya pili, ingawa ukiwasikiliza utaona hata ya kwanza inawafaa, maana mbio wanazo.

Mmoja ni Martin Khanja, maarufu kama Lord Spike Heart. Huyu ndiye sauti. Mwenzake ni Sam Karugu, mwenye gitaa na mashine. Wote walitoka kwenye bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, wakaungana mwaka 2019. Albamu yao ya kwanza, inayoitwa Duma kama wao wenyewe, ilitoka Agosti 2020. Ina nyimbo 9, na majina yake hayakubembelezi: "Angels and Abysses", "Sin Nature", "Pembe 666". Iweke kwenye spika ya hosteli saa tano usiku uone. Wimbo wa kwanza hauishi, mlango umeshagongwa, na swali la jirani unalijua: "Oya, hawa si freemason hawa?"

Swali hilo lisichukuliwe kama utani tu. Kwetu, muziki ukitisha hupewa moja ya majibu mawili: ama ni wa shetani, ama ni wa wazungu. Majibu yote mawili ni ya haraka. Tuufungue muziki wenyewe tuone ndani kuna nini.

Mji mmoja wa viwanda

Ukoo wa upande mmoja wa albamu hii unaanzia Birmingham, Uingereza. Tony Iommi alikuwa kijana wa kiwandani pale. Mashine ya kukatia bati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vilivyokatwa ndivyo vidole vya kubonyezea nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza zaidi. Nyuzi zikilegea, sauti inashuka na kuwa nzito. Bendi yake ikajiita Black Sabbath, jina la filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1963. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 13, 1970, siku ya Ijumaa, na inaanza kwa mvua, radi na kengele.

Wimbo wa kwanza wa albamu ile umejengwa juu ya umbali maalumu kati ya sauti mbili. Chukua kinanda, bonyeza kibonye chochote, kisha hesabu vibonye sita kwenda juu, vyeupe na vyeusi vyote, ubonyeze cha sita. Utasikia kitu ambacho hakijatulia, kama mtu aliyekata sentensi katikati. Tangu karne ya 18 waandishi wa muziki wa Ulaya waliuita umbali huo shetani ndani ya muziki. Kuna hadithi kwamba Kanisa liliupiga marufuku. Ushahidi wake haujapatikana. Ni hesabu ya vibonye sita tu, na sikio letu linasubiri imalizike.

Karibu na mji huohuo ikazaliwa Napalm Death. Albamu yao Scum ya mwaka 1987 ilichukua metali na panki ikazikimbiza mpaka ngoma zikawa kama bunduki ya rashasha. Mtindo huo ndio graindikoo. Wimbo wao mmoja, "You Suffer", una urefu wa sekunde moja na kidogo, yaani ukipiga chafya umeukosa. Justin Broadrick, aliyepiga gitaa upande wa kwanza wa Scum, akaenda kuanzisha Godflesh na kumwondoa mpiga ngoma kabisa. Nafasi yake ikachukuliwa na mashine. Hapo tunaingia kwenye muziki wa kiwandani, ambamo mdundo haupumui wala hauchoki.

Duma wana haya yote: uzito, rashasha, mashine. Sam Karugu alikuwa mpiga besi. Kwenye Duma aliiacha besi akashika gitaa na utayarishaji, na ngoma zinatoka kwenye kompyuta. Ndiyo maana zinaweza kwenda mbio ambazo mikono ya binadamu ingeomba po.

Kwa nini mwili unashtuka

Sasa sauti ya Khanja. Anayoyafanya kooni si kelele za hovyo. Ni ufundi unaofanyiwa mazoezi, maana ukikosea unabaki bila sauti. Kwa nini inatushtua namna ile?

Mwaka 2015 Luc Arnal, David Poeppel na wenzao walichapisha utafiti kuhusu ukelele wa binadamu. Tunapozungumza kawaida, nguvu ya sauti hupanda na kushuka mara nne au tano kwa sekunde. Kwenye ukelele wa hofu hutetemeka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Mtetemo huo wa kukwaruza, ambao pia umo kwenye ving'ora vya tahadhari, huamsha sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari. Kwa hiyo Khanja anapoanza, mwili wako umeshatega kukimbia kabla akili haijakumbuka kwamba umekaa kitandani na daftari mkononi. Hapo hakuna pepo aliyeingia. Masikio yamefanya kazi yake.

Na mkwaruzo huo mtu wa Ilala anaujua vizuri. Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa za mchana. Mchuuzi amerekodi sauti yake akitaja bei, ameiweka kwenye kipaza sauti cha betri, inajirudia kutwa nzima. Jirani yake ana chake, na wa tatu chake. Sauti zimepasuka, zinagongana, zinazunguka. Mwanamuziki wa Nairobi au Berlin hulipia programu za kompyuta ili apate kitu cha namna hiyo.

Mburahati, Mwananyamala, Kampala

Hapa ndipo lile jibu la "ni wa wazungu" linapokwama. Duma walirekodi Kampala, katikati ya mwaka 2019, kwa miezi mitatu kwenye studio ya Nyege Nyege. (Ndiyo, kwa Kiganda jina hilo ni hamu ya kucheza inayokujia ghafla. Kwa Kiswahili tuendelee na mada.) Lebo hiyohiyo, mwaka 2017, ilikuwa imetoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati. Yaani kabla ya giza la Nairobi, nyumba ile ilikuwa imeshaizoea kasi ya Dar es Salaam.

Singeli huenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati Bongo Fleva nyingi hujitembelea kwenye 100 hivi. Na singeli haikudondoka kutoka mbinguni. Kabla yake kuna mchiriku: vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye vikuza sauti vichakavu mpaka vinalia kama nyigu. Wasikilize Jagwa Music wa Mwananyamala kwenye albamu yao Bongo Hotheads ya mwaka 2012. Nyuma zaidi kuna ngoma za Pwani, zikiwemo za kupunga pepo, ambamo mdundo hurudiwa usiku kucha mpaka mtu anatoka kwenye hali yake ya kawaida. Kurudia, kukazana, kupasua sauti: mbinu hizo zilikuwapo hapa kabla ya Iommi kukatwa vidole.

Sisemi Duma waliiga mchiriku. Ninachosema ni kwamba sikio lililokulia uswahilini halihitaji pasipoti kuingia kwenye albamu hii.

Shetani au ufundi?

Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha la Nyege Nyege. Siku chache baadaye likaruhusiwa. Singeli nayo iliitwa muziki wa wahuni kabla haijapigwa kwenye majukwaa ya heshima. Utaratibu ni uleule: kwanza inaogopwa, kisha inazomewa, mwisho inaalikwa. Katikati hapo kuna watu wanaokata tamaa. Kijana wa Buguruni au Vingunguti mwenye kompyuta ya mkopo na sauti za ajabu kichwani akiambiwa "hiyo ni ya shetani", mara nyingi anafuta faili, na sisi hatutajua tulikosa nini.

Hakuna anayelazimika kuupenda muziki huu. Kuna watu imani yao haiwaruhusu kukaa na wimbo wenye 666, na hilo ni lao, tuliheshimu. Ila kukataa kitu baada ya kukisikiliza ni tofauti na kukikataa kwa kusoma jina lake. Sisi tunaosoma vyuo vya Ilala, iwe IFM, DIT au Muhimbili, tunafundishwa kila siku kupima kabla ya kuhukumu. Masikio nayo yaende darasani.

Ukitaka kuanza, fuata njia hii: wimbo mmoja wa Jagwa Music, kisha mmoja wa Sounds of Sisso, kisha "Lionsblood" wa Duma. Ukifika salama, endelea na The Adept, albamu ya Lord Spike Heart peke yake ya mwaka 2024, aliyoitoa kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Vaa spika za masikioni, lakini. Wa chumba cha pili ana mtihani kesho.