Usingizi wa Mama ni Amana ya Nyumba Nzima



Mja mzito akipitiwa na usingizi baada ya sala ya adhuhuri, si ajabu katika nyumba zetu kumsikia mtu akisema kuwa mimba imemfanya mvivu. Na mzazi aliyekesha na mwanawe usiku kucha huambiwa kuwa huo ndio umama, astahimili. Tumeyazoea maneno haya hata hatuyapimi tena. Juma hili tunaomba tuyapime, kwa sababu wataalamu wameuchunguza kwa kina usingizi wa mja mzito na wa mzazi, na waliyoyapata yanamhusu mume, mama mkwe, mawifi na majirani kama yanavyomhusu mama mwenyewe.

Suratu Luqman inatukumbusha kuwa mama humbeba mwanawe katika udhaifu unaozidi siku hadi siku. Basi mwenye kuzidiwa na udhaifu hupumzishwa, wala halaumiwi.

Chali au ubavu?

Tuanze na lililo zito. Mwaka 2011 watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha utafiti uliowalinganisha akina mama waliofiwa na watoto tumboni katika miezi ya mwisho na wengine ambao mimba zao zilikuwa zikiendelea salama. Miongoni mwa maswali waliyoulizwa lilikuwamo hili: ulilala vipi? Waliolala chali walionekana kuwa katika hatari zaidi. Mwaka 2013 uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Korle Bu, Accra, nchini Ghana, kwa akina mama zaidi ya 200, nao ulionyesha uhusiano kati ya kulala chali na kuzaa mtoto mfu au mwenye uzito mdogo.

Kisha mwaka 2019 wataalamu walikusanya pamoja takwimu za tafiti tano kutoka New Zealand, Australia, Uingereza na Marekani: akina mama 851 waliopoteza watoto na 2,257 ambao hawakupoteza. Walibaini kuwa tangu wiki ya 28, anayeingia usingizini akiwa chali, hatari ya mtoto kufia tumboni humzidia kwa kiasi cha mara 2.6 kuliko anayelalia ubavu wa kushoto. Sababu yake yafahamika. Mama akilala chali, uzito wa mji wa mimba huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua.

Hapa pana faraja kwetu. Waja wazito wengi wameambiwa kuwa ubavu wa kushoto pekee ndio salama, wakabaki na dukuduku, maana Sunna tuliyofunzwa ni kuanza kulala kwa ubavu wa kulia. Uchunguzi wa 2019 haukuona tofauti ya usalama kati ya kulia na kushoto. Hatusemi kuwa utafiti umekuja kuithibitisha Sunna, kwani Sunna haingoji maabara. Tunasema tu kwamba mja mzito alale kwa ubavu aupendao, usiku na mchana, na aweke mto nyuma ya mgongo umzuie kugeuka. Akizindukana akajikuta chali, asifadhaike. Ajigeuze na kuendelea kulala. Lakini akihisi mtoto amepunguza kucheza, asingoje kupambazuke. Aende hospitali saa hiyo hiyo.

Saa ngapi zatosha?

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa San Francisco, Marekani, uliowafuata wanawake 131 wenye mimba ya kwanza katika mwezi wao wa tisa. Waliolala chini ya saa sita kwa usiku walikaa na uchungu muda mrefu zaidi, na uwezekano wao wa kuzaa kwa upasuaji ulikuwa mara 4.5 ukilinganishwa na wale waliolala saa saba na zaidi. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na hausemi kuwa usingizi peke yake ndio sababu. Hata hivyo unatosha kutufanya tuuhesabu usingizi pamoja na vidonge vya kuongeza damu na siku za kliniki.

Wezi wa usingizi tunawajua: kiungulia, haja ndogo, misuli ya miguu kukaza, joto na mbu. Chakula cha jioni kikiliwa mapema, kiungulia hupungua. Maji mengi yanywewe mchana. Chai na kahawa zisivuke alasiri, na Shirika la Afya Duniani linamshauri mja mzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Chandarua chenye dawa kisikose kitandani, kwani malaria humdhuru mama na aliye tumboni. Na kailula ya mchana, iliyo Sunna, ni hazina. Katika Ramadhani aliyeruhusiwa kutofunga kwa ajili ya mimba au kunyonyesha asinyang'anywe usingizi wake kwa kuamshwa awapikie wengine daku.

Ndani ya arobaini

Mtoto mchanga hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, ila kwa vipande vipande, na mama humfuata kwa vipande hivyo. Gharama yake huonekana baadaye. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, watafiti waliwafuatilia akina mama 940. Waliokuwa wakilala saa tano au chini ya hapo mtoto alipofika miezi sita, uwezekano wao wa kubaki na kilo tano au zaidi za uzito wa mimba baada ya mwaka ulikuwa takriban mara tatu ya wale waliolala saa saba. Basi kabla ya kumcheka mzazi kwa unene wake, tujiulize ni nani aliyempa nafasi ya kulala.

Wapo wanaomshauri mzazi ampe mtoto chupa usiku ili apate kulala. Utafiti mwingine wa San Francisco, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kinyume: wazazi ambao watoto wao walinyonya maziwa ya mama pekee usiku walipata usingizi zaidi, kwa dakika 40 hadi 45, kuliko waliotumia maziwa ya kopo. Wala homoni inayotengeneza maziwa haizidi mchana, huzidi usiku.

Mama hulala ubavu, lakini mtoto mchanga hulazwa chali kila mara, karibu na mama, mahali pake mwenyewe palipo tambarare, pasipo mito wala nguo za kumziba pumzi. Marekani ilipoanza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata.

Wazee wetu walituachia arobaini kwa hekima. Mzazi alikandwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akapikiwa na kufuliwa. Na sharia yenyewe imemwondolea sala katika siku za nifasi. Leo arobaini imekuwa msimu wa kupokea wageni. Mzazi huvaa, hujifukiza, huketi na kutabasamu hadi saa nne za usiku, na wageni wakishaondoka mtoto ndiyo kwanza anaamka.

Usingizi ukiwa dalili

Kukosa usingizi kwa sababu mtoto analia ni jambo la kawaida. Kukosa usingizi hali mtoto amelala, kulia bila sababu, kutomtamani mwana au kuhisi huna thamani, hiyo ni dalili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mzazi 1 kati ya 5 hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Si upungufu wa imani, na hayatibiwi kwa kulaumiwa. Mpelekeni hospitali huku mkimwombea. Vilevile, mja mzito aumwaye kichwa sana, avimbaye uso au aonaye kiwi apimwe presha bila kuchelewa. Huenda ikawa ni mwanzo wa kifafa cha mimba.

Lililo mikononi mwetu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili yenye malipo. Zisiishie barazani. Mama akimaliza kunyonyesha usiku, baba amcheushe mtoto, ambadilishe nepi na amlaze. Bibi ampokee mjukuu baada ya sala ya alfajiri, mkwewe alale saa mbili kabla ya kunyonyesha tena. Sisi wageni tuje kati ya alasiri na magharibi, tukae nusu saa, na tusije mikono mitupu: sufuria ya chakula kilichokwisha kupikwa humfaa mzazi kuliko maneno mengi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie waja wazito wetu wajifungue salama, awape wazazi afya na maziwa ya kutosha, na atujaalie sisi tunaowazunguka tuwe sababu ya raha yao. Amin.