Uingereza: Nani Apewe Wakili kwa Gharama ya Serikali?

Sheria ya mwaka 1949, iliyotungwa wakati wa Serikali ya Bwana Attlee, ilikusudia kwamba Mwingereza asiikose haki yake katika kesi ya madai kwa uhaba wa fedha. Nia ilikuwa njema, ndugu askari. Ugumu umo katika mizani ya kumpimia mnyonge.

Kwa kanuni za mwaka 2013 za England na Wales, mwombaji ambaye pato lake la mwezi, kabla ya makato, lapita pauni 2,657 hukataliwa papo hapo, labda awe na watoto zaidi ya wanne. Akivuka hapo, huondolewa kodi ya mapato, pango na matunzo ya watoto. Kinachosalia kisizidi pauni 733. Kikizidi 315, naye atachangia gharama za mahakamani.

Kisha huja akiba, ambayo kwa kawaida haitakiwi kupita pauni 8,000. Polisi aliyestaafu kabla ya kutimiza miaka 60, akaweka benki kiinua mgongo cha pauni 9,000, hapati msaada hata kama hana kazi. Huo ni ukali usio na sababu.

Pato la mume na la mke hujumlishwa, isipokuwa wanaposhitakiana wenyewe. Na mke aombaye amri ya kumkinga na mume mpigaji aweza kusamehewa viwango hivyo, ingawa huenda akatakiwa kuchangia. Askari wa zamu ampokeaye kituoni usiku yampasa alijue hilo kabla hajamwambia arudi nyumbani.