Marekani: Banki ikikamata nyumba, nani anabaki na kazi ya kuitunza?

Majani yamefika kwenye madirisha. Mlango wa mbele umepigiliwa mbao. Wezi wameingia kwa nyuma, wamekata bomba za maji za shaba na kwenda kuziuza kwa kilo. Mwenye nyumba aliondoka zamani, banki inasema nyumba si yake, na jirani wa upande wa pili ndiye anayelala akiogopa moto, panya na watu asiowajua wanaoingia humo usiku.

Hali hiyo ilienea katika miji mingi ya Marekani kuanzia mwaka wa 2007, wakati familia kwa mamilioni ziliposhindwa kulipa mikopo ya nyumba. Miaka imepita, lakini swali lililozuka wakati ule bado linaletwa mbele ya waamuzi na mabunge ya majimbo: nyumba ikiwa katikati, kati ya mtu aliyeshindwa kulipa na banki inayotaka feza zake, nani mwenye wajibu wa kukata majani, kufunga milango na kulipa kodi?

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Uvira ao Lubumbashi, jambo hilo linaweza kuonekana la mbali. Lakini Wakongomani ni kati ya wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani katika miaka ya karibuni. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 pekee, zaidi ya 18,000 kutoka Congo waliingia kwa mpango wa wakimbizi. Wengi wao ni watu wanaosema Kiswahili, na wengine wamewekwa katika miji kama Buffalo, Cleveland na Louisville, kwenye mitaa ya nyumba za zamani. Wale wanaofanya kazi miaka kadhaa na kuanza kununua nyumba kwa mkopo wanaingia moja kwa moja katika mfumo huu.

Jina kwenye hati ndilo linalohesabika

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui ni hili: kukosa kulipa deni hakumwondolei mtu nyumba siku hiyohiyo. Mtu anayekopa anabaki mwenye nyumba, na banki inakuwa tu na haki juu ya nyumba hiyo kama dhamana. Katika majimbo kama Ohio na New York, banki inapaswa kwenda tribinali, kusubiri hukumu, kisha nyumba iuzwe kwa mnada. Safari hiyo inaweza kuchukua miezi mingi, na wakati mwingine miaka.

Katika muda wote huo, jina la mkopaji ndilo liko kwenye hati. Kwa hiyo, kwa sheria ya kawaida, yeye ndiye anayepaswa kutunza nyumba, kuondoa teluji kwenye njia ya mbele na kulipa kodi ya nyumba.

Shida inaanza hapo. Mtu anapokea barua ya tribinali, anaelewa kwamba amefukuzwa, anafunga mizigo na kuondoka usiku. Kisha banki inatazama hesabu zake: nyumba imezeeka, mtaa umeanguka bei, kodi za nyuma ni nyingi. Inaacha kesi katikati, bila kuifuta na bila kuipeleka kwenye mnada. Hakuna anayemwambia mkopaji. Baada ya miaka, mtu aliyefikiri amemaliza mambo hayo anaitwa ajibu kuhusu nyumba yenye paa lililoanguka, na deni la kodi juu yake. Wamarekani wameziita nyumba za aina hiyo nyumba za zombi: zimekufa, lakini hazijazikwa.

Banki zikijibu: “Si sisi”

Lakini hata banki inapomaliza kesi na kuchukua nyumba, kumjua mwenye wajibu si rahisi. Kabla ya 2008, mikopo mingi ilikusanywa pamoja na kuuzwa kwa watu wanaoweka feza zao kutoka pembe zote za dunia. Banki kubwa inabaki na jina lake kwenye hati kama mdhamini wa watu hao. Kampuni ya pili ndiyo inayokusanya malipo ya kila mwezi. Kampuni ya tatu inatumwa kubadilisha kufuli na kukata majani, na yenyewe inaweza kulipa mtu wa nne afanye kazi hiyo. Jirani akipiga simu kulalamika, kila mmoja anamwelekeza kwa mwingine.

Mji wa Los Angeles ulikutana na jibu hilo. Mwaka wa 2011 ulishtaki Deutsche Bank, ukisema nyumba ambazo banki hiyo imeandikwa kama mmiliki zimeachwa kuoza. Banki ilijitetea kwamba yenyewe ni mdhamini tu, na kwamba kazi ya kutunza ni ya kampuni zinazokusanya malipo. Kesi iliisha mwaka wa 2013 kwa mapatano ya dola milioni 10. Banki ilieleza kwamba feza hizo zingelipwa na kampuni hizo pamoja na mifuko inayomiliki mikopo, si na yenyewe.

Cleveland, katika jimbo la Ohio, ulijaribu njia kubwa zaidi na ukashindwa. Mji huo ulikuwa na wakaaji zaidi ya 914,000 mwaka wa 1950. Mwaka wa 2010 walibaki chini ya 400,000. Mtaa wake wa Slavic Village ulitajwa kati ya ile iliyoumizwa zaidi na shida ya mikopo katika nchi nzima. Mwanzoni mwa 2008, mji uliwashtaki watoa mikopo 21, ukisema wametoa mikopo ambayo walijua haitalipika na hivyo wameleta madhara kwa watu wote. Tribinali ya shirikisho ilitupa kesi hiyo mwaka wa 2009, na tribinali ya rufani ikakubali uamuzi huo mwaka wa 2010.

Kilichobaki mkononi mwa mji ni tribinali ndogo ya mambo ya nyumba. Mwamuzi wake, Raymond Pianka, aliyefariki mwaka wa 2017, alijulikana kwa kuziita banki zije kujibu mbele yake kuhusu nyumba zilizoharibika, kama anavyoitwa mwenye nyumba wa kawaida. Lakini faini inaumiza tu yule ambaye bado ana jina kwenye hati. Banki zingine zilikimbia kwa njia nyepesi: ziliuza nyumba mbovu kwa bei ya chini ya dola 1,000 kwa wanunuzi wa mbali ambao hawakuja hata kuziona.

Sheria mpya, na banki kupinga

Kwa sababu tribinali peke yake haikutosha, majimbo na miji ilianza kuandika sheria. California ilipitisha sheria mwaka wa 2008 inayoruhusu faini ya mpaka dola 1,000 kwa siku kwa yule aliyechukua nyumba tupu kwa njia ya kukamata na hakuitunza. Anapewa kwanza siku 14 za kuanza kurekebisha na siku 30 za kumaliza. Sheria hiyo ilikuwa na nguvu, lakini ilimgusa tu yule ambaye nyumba imekwisha kuwa mkononi mwake. Nyumba za zombi zilibaki nje.

Chicago ulikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2011 ulitoa agizo kwamba mtoa mkopo anaweza kuwajibika kutunza nyumba tupu hata kabla hajawa mwenyewe. Hapo serikali ya shirikisho yenyewe iliingia kati: shirika lake linalosimamia Fannie Mae na Freddie Mac, makampuni mawili makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba, lilishtaki mji. Mwezi wa nane 2013, mwamuzi wa shirikisho alisema agizo hilo haliwezi kutumika juu ya makampuni hayo mawili, kwa sababu sheria ya shirikisho iko juu ya ile ya mji.

Mfano unaotajwa sana leo ni wa New York. Mwanzoni, sheria ya jimbo hilo iliilazimisha banki kutunza nyumba tu baada ya kupata hukumu. Katika miji kama Buffalo, ambako baridi inagandisha maji ndani ya bomba mpaka zinapasuka, kusubiri hukumu kulikuwa sawa na kuacha nyumba ife. Sheria mpya iliyoanza kutumika mwezi wa kumi na mbili 2016 iligeuza mambo. Mkopaji akichelewa kulipa, banki ao kampuni inayokusanya malipo inapaswa kwenda kuangalia kama nyumba ina watu. Ikionekana imeachwa, inapaswa kuifunga vizuri, kuitunza na kuiandikisha kwenye orodha ya jimbo. Isipofanya hivyo, faini inaweza kufika dola 500 kwa siku kwa kila nyumba. Banki ndogo zilipewa nafuu.

Banki zina hoja yao, na si ya kutupwa. Zinasema kuingia katika nyumba ya mtu ambaye bado ni mwenyewe kunaweza kuwa kuvunja haki zake; kwamba mtu anaweza kuwa hospitalini ao safarini, arudi akute kufuli imebadilishwa; na kwamba gharama ya kutunza nyumba zilizoachwa italipwa mwishoni na wakopaji wengine. Mashauri ya namna hiyo ya kufuli kubadilishwa yamefika kweli mbele ya tribinali. Ndiyo maana sheria nzuri zinaanza kwa kueleza wazi ni wakati gani nyumba inahesabika kuwa imeachwa, kabla ya kusema nani aitunze.

Mitaa haikutunzwa sawasawa

Kuna upande mwingine ambao ulichukua miaka kuonekana. Muungano wa kitaifa wa kutetea haki ya makao bila ubaguzi ulituma watu kuchunguza nyumba zilizokamatwa katika miji mbalimbali, wakihesabu majani, takataka, milango iliyovunjika na vibao vya kuuza. Ulidai kwamba katika mitaa ya Wazungu majani yalikatwa na vibao vilisimama, lakini katika mitaa ya Weusi na ya watu wa asili ya Amerika ya Kusini nyumba za kampuni ileile ziliachwa.

Mwaka wa 2013, Wells Fargo ilipatana na muungano huo kwa dola milioni 42. Kisha kesi dhidi ya Fannie Mae, iliyofunguliwa mwaka wa 2016 kwa msingi wa uchunguzi wa nyumba zaidi ya 2,300, ikamalizika mwezi wa pili 2022 kwa mapatano ya dola milioni 53. Ilikuwa alama kwamba kutunza nyumba si jambo la uzuri wa mtaa tu. Nyumba moja ikiachwa, bei ya zile za pembeni inashuka, na familia iliyolipa mkopo wake bila kukosa mwezi hata mmoja inapoteza akiba ya maisha yake yote.

Pale ambapo hakuna aliyetaka nyumba tena, kaunti ilibeba mzigo. Cuyahoga, kaunti ambamo Cleveland iko, ilianzisha mwaka wa 2009 banki ya ardhi: shirika la umma linalochukua nyumba zilizoachwa, kubomoa zile zisizofaa na kuuza zingine kwa watu wanaokubali kuzitengeneza. Fannie Mae ilikubali kuipa nyumba za bei ya chini kwa dola 1 kila moja, pamoja na mchango wa kubomoa. Ohio iliongeza mwaka wa 2016 sheria inayoharakisha kesi za nyumba tupu, ili zisikae miaka katikati.

Mambo ya kujua kabla ya kufunga mizigo

Kwa ndugu walio kule, funzo la kwanza ni kutoondoka kwa sababu ya barua tu. Mpaka nyumba iuzwe kwa mnada na uuzaji ukubaliwe, jina kwenye hati linaleta haki ya kukaa na pia mzigo wa kutunza. Anayetaka kuondoka anapaswa kuuliza kwa maandishi kama kesi imefika mwisho, na kuhakikisha katika ofisi ya hati za kaunti kwamba jina lake limetoka. Kuna washauri wa mambo ya nyumba waliokubaliwa na serikali ya shirikisho wanaosaidia wakopaji kwa bure ao kwa bei ndogo. Kwa jirani, malalamiko yanapelekwa kwanza kwenye ofisi ya mji inayokagua majengo, yenye nguvu ya kuandika kosa na kutafuta nani anajibu.

Hapa Congo, mikopo ya nyumba bado ni ya watu wachache, lakini wafanyabiashara wengi wanaweka parseli zao kama dhamana kwenye banki. Sheria ya OHADA ya 1998 kuhusu kulipisha madeni, ambayo ilianza kutumika nchini tarehe 12 Septemba 2012 na kutumika mpaka 2024, ilijibu swali hili kwa njia fupi: nyumba iliyokamatwa ikiwa haikupangishwa, mwenye deni alibaki nayo mpaka siku ya kuuzwa, akiwa mlinzi wake, isipokuwa mkubwa wa tribinali aliamua vingine. Ikiwa ilikuwa na wapangaji, feza za kodi ziliwekwa kando ili zigawanywe pamoja na bei ya nyumba. Maana yake, chini ya sheria hiyo, aliyeng'oa mabati ao milango ya nyumba iliyokamatwa, akifikiri bado ni mali yake, aliharibu kitu alichopewa kulinda. Na anayeiacha wazi anapunguza bei ambayo ingelipa deni lake mwenyewe.