Dawa ya mapunye iliyotoka kwenye ukungu

Je, wajua kwamba moja ya dawa zilizotibu mapunye ya watoto kwa zaidi ya miaka 60 imetokana na ukungu? Inaitwa griseofulvini. Mwaka 1939 watafiti wa London, akiwemo Harold Raistrick, waliipata katika Penicillium griseofulvum, ndugu wa ukungu uliotupatia penisilini. Ilikaa karibu miaka 20 bila kufikiriwa kwa binadamu. Mwaka 1958 J. C. Gentles wa Glasgow aliwalisha dawa hiyo simbilisi waliokuwa na ugonjwa huo wa ngozi, nao wakapona.

Kulishwa, si kupakwa, ndiko kulikoleta mageuzi. Fangasi wa mapunye hula keratini, protini ngumu ya nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Kichwani hupenya hadi ndani ya unywele wenyewe, chini ya usawa wa ngozi. Krimu huishia juu, hata mama aipake kwa bidii namna gani. Griseofulvini hupitia tumboni, ikaingia kwenye damu, ikatua katika seli zinazotengeneza keratini mpya, hivyo unywele unaoota hutoka tayari umebeba dawa. Fangasi akiuvamia, dawa huzishika nyuzi nyembamba ambazo seli yake huzitumia kutenganisha kromosomu inapogawanyika. Mgawanyiko hukwama. Fangasi hafi papo hapo, ila hawezi kuongezeka, na makazi yake ya zamani husukumwa nje na unywele mpya mpaka yanaponyolewa.

Ndiyo maana dozi huchukua wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Inaniuma kuona mtoto akiachishwa vidonge wiki ya pili kwa sababu mabaka yamefifia, maana mizizi ya nywele bado ina fangasi hai. Vidonge vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au wali wa nazi, kwa kuwa dawa hii hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu. Mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Kwa choa la mwilini au fangasi wa vidoleni, krimu hutosha mara nyingi. Klotrimazoli na terbinafini huvuruga utengenezaji wa ergosteroli, mafuta yanayoimarisha utando wa seli ya fangasi. Utando wetu hutumia kolesteroli, kwa hiyo pigo humwangukia zaidi fangasi. Terbinafini huzuia hatua ya mapema ya kazi hiyo, na malighafi inayorundikana humgeukia fangasi kuwa sumu.

Ninachokiogopa zaidi ni krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazonunuliwa bila kuonana na daktari. Muwasho hutulia siku chache tu, huku steroidi ikishusha kinga ya ngozi. Choa hutanuka, duara lake hupotea, na hata daktari anayemwona mgonjwa baadaye anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine kabisa.