Ni Nini Kilichomo Katika Bilauri ya Mgeni?

Miaka michache iliyopita, katika mesi moja ya maofisa, ilifanyika karamu ndogo ya kumuaga ofisa mgeni kutoka Ulaya. Mgeni huyo alikuwa hali nyama wala samaki, hali mayai, wala hanywi maziwa. Alipofika kaunta aliagiza wiski iliyochanganywa na maji ya limau na sukari. Alipopewa, aliuliza kwa upole kama ndani yake mna kitu chochote kitokanacho na mnyama. Kijana aliyekuwa zamu alisimama wima akajibu, "Hakuna, afande." Mimi nilikuwa kando yao, na nilikuwa nimeona maganda ya yai nyuma ya kaunta, kwa maana lile povu jeupe lililoelea juu ya kinywaji lilikuwa ute wa yai uliotikiswa. Nilinyamaza. Mgeni akanywa, akashukuru, akasifu.

Kijana yule hakukusudia ubaya. Alifundishwa kumjibu mkubwa wake upesi, na pengine hakudhani kwamba yai huhesabiwa pamoja na nyama. Lakini ndugu wasomaji, wengi wetu katika jeshi na polisi tutapangiwa siku moja kuwapokea wageni, iwe nyumbani au katika kazi za kulinda amani ugenini. Yafaa basi tujue watu hawa wanaepuka nini, na vinywaji vyao hutengenezwaje.

Watu hao huitwa vegani. Jina hilo lilibuniwa nchini Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama cha watu wasiotumia kitu chochote cha mnyama. Walichukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno la Kiingereza lenye maana ya mtu asiyekula nyama. Jambo lenyewe si geni kwetu. Mkristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia anapofunga, kama afanyavyo Jumatano na Ijumaa, huacha nyama, maziwa na mayai. Mwislamu naye huuliza habari ya nyama kabla ya kula. Sisi tumekwisha kuzoea kuwajibu kwa heshima. Na vegani ana haki ya heshima iyo hiyo.

Mtu aweza kudhani kwamba kinywaji kitokanacho na nafaka, miwa au zabibu hakiwezi kuwa na mnyama ndani yake. Kwa pombe kali hali ni hivyo kwa kawaida. Jini, vodka, ramu na wiski hupikwa kwa mvuke, na mvuke hauchukui nyama wala mafuta. Matatizo huingia baadaye, wakati wa kuchanganya au wa kusafisha, na aghalabu hujificha mahali panne: katika povu, katika rangi, katika ung'avu na katika ladha.

Povu tumekwisha kulitaja. Wiski ya limau, na kile kinywaji mashuhuri cha Peru kiitwacho Pisco Sour, hutiwa ute wa yai bichi. Rangi nayo ina hadithi yake. Kinywaji chekundu cha Kiitaliano, Campari, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1860, kwa miaka mingi kilipata wekundu wake kutokana na wadudu wadogo waishio juu ya mipungate, ambao hukaushwa na kusagwa. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilianza kuiacha rangi ya wadudu, lakini rangi hiyo ingali inatumika katika vyakula na vinywaji vingine duniani. Kwa hiyo hapana budi kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Ung'avu ndio fumbo kubwa zaidi. Bia au divai ikiisha kuchachuka huwa na ukungu wa hamira. Baadhi ya watengenezaji hutia ndani yake unga au utomvu uliotengenezwa kwa vibofu vya hewa vya samaki. Utomvu huo hukusanya hamira ikazama chini, na kinywaji kikabaki cheupe kama maji ya chemchemi. Waliopata kufanya kazi kando ya Ziwa Victoria wanavijua vibofu hivyo: ndivyo mabondo, ambayo ya sangara huuzwa nje kwa bei kubwa. Divai nyingine husafishwa kwa ute wa yai au kwa protini ya maziwa. Samaki mwenyewe haonekani katika bilauri, lakini alitumika, na vegani hapendi atumike. Kampuni ya Guinness ya Dublin ilitangaza mwaka 2015 kwamba itaacha vibofu vya samaki, ikabadili mitambo yake ya kuchuja katika miaka iliyofuata.

Ladha ndiyo ya mwisho. Asali hutoka kwa nyuki. Baileys, kileo cha Ireland kilichoanza kuuzwa mwaka 1974, kina malai ya ng'ombe. Kile kinywaji cha vodka na maji ya nyanya kiitwacho Bloody Mary hutiwa sosi ya Worcestershire, na ya asili ina samaki wadogo mfano wa dagaa.

Je, mhudumu wa mesi afanyeje? Dawa ya povu iligunduliwa na Mfaransa Joël Roessel mwaka 2014. Alitambua kwamba maji yaliyobaki baada ya kuchemsha kunde huumuka kama ute wa yai. Yaliyo bora ni ya dengu kubwa nyeupe, zile ambazo Wahindi huziita chana. Zichemshe bila chumvi hadi ziive kabisa, uzichuje, kisha maji yake uyaache motoni mpaka yawe mazito kama ute. Yakipoa, yaweke katika barafu. Kwa bilauri moja chukua mililita 50 za wiski, 25 za maji ya limau, 20 za shira ya sukari na 25 za maji ya dengu. Tikisa kwa nguvu bila barafu kwanza, ili povu liumuke. Kisha tia barafu, utikise tena, uchuje. Harufu ya dengu humezwa na limau. Zaidi ya hayo, yai bichi laweza kuleta maradhi ya tumbo, na maji ya dengu yaliyochemshwa hayana hatari hiyo.

Mahali pa malai, tumia tui zito la nazi. Tui, maji ya nanasi na barafu ni kinywaji kizuri. Atakaye ramu ataongeza, na asiyekunywa pombe hatapungukiwa na kitu. Mahali pa asali, tumia shira ya miwa. Kwetu Uganda hatuko mbali na mambo haya: tonto ya ndizi na malwa ya ulezi kwa kawaida hazina kitu cha mnyama, na ukungu wake hauwatii aibu wanywaji.

Mwenye kuagiza naye ana wajibu wake. Neno vegani halijulikani kila mahali, na mhudumu asiyelijua ataitika "ndiyo" ili asionekane mjinga. Ni heri kuuliza kwa kutaja vitu vyenyewe, kabla kinywaji hakijachanganywa: Je, mna yai? Mna maziwa au malai? Mna asali? Naomba nione chupa. Asiyeridhika na majibu aagize pombe kali kwa soda na ndimu, au maji ya matunda yaliyokamuliwa mbele yake.

Asubuhi ya siku ya pili nilimwendea mgeni yule nikamweleza habari ya yai. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba ute wa yai hautamuua, ila ameuacha kwa miaka kumi na moja kwa hiari yake, na kwamba kama angaliambiwa mhudumu hajui, angaliomba maji ya limau na karamu ingaliendelea vilevile. Sikuwa na la kujibu, kwa maana kazi yangu ni kutoa habari za kweli, na jana yake nilikuwa na habari moja tu ya kutoa.

Nilirudi kaunta nikamwita yule kijana. Sikumkaripia, kwa kuwa kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake. Nilimfundisha jibu moja, naye amelishika hadi leo: "Sina hakika, afande. Naomba nikaangalie chupa."