Tikisa Finjani Ukitosheka

Ikitokea ukasafiri na wenzako hadi Wadi Rum, kusini mwa Yordani, mkalala jangwani kwa Wabedui, chunga sana finjani utakayopewa. Mwenyeji atakumiminia kahawa chungu yenye iliki kutoka katika mdila, kidogo tu, chini kabisa ya finjani. Ukiirudisha bila kuitikisa, atakumiminia tena. Itikise, naye ataelewa kuwa umetosheka.

Lakini ukiiweka chini bila kuionja, umezua jambo zito. Kwa desturi yao, mgeni afanyaye hivyo ana haja, wala hatakunywa mpaka mwenyeji aahidi kuitimiza. Ndivyo wazee walivyopeleka posa, na ndivyo walivyoomba msamaha wa damu iliyomwagika. Basi fikiri fadhaa anayoweza kuileta mtalii ambaye, masikini, hapendi tu kahawa!

Siku hizi Wabedui wengi wa huko wana nyumba zao kijijini Rum, na wageni hulipia kulala hemani. Nyama huokwa shimoni, chini ya mchanga. Usisahau sweta, usiku jangwa hupoa upesi.