Mshahara wa Askari Uwekwe Wapi Mjini Gulu?

Askari anayehamishiwa Gulu, mji wa kaskazini mwa Uganda uliopandishwa daraja kuwa jiji mwaka 2020, hukuta milango mingi iliyo tayari kuzipokea fedha zake. Yako matawi ya benki kubwa za Kampala, na viko vyama vya akiba na mikopo vya wenyeji. Mkewe, ambaye ndiye atakayelipa karo na kununua unga, hutaka kujua ni mlango upi ulio salama.

Ukubwa wa jengo si dalili ya usalama, na wananchi wa Uganda walijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 1999 ilifungwa Benki ya Greenland, na mwaka huo huo ikafungwa Benki ya Ushirika, iliyokuwa tegemeo la wakulima. Mwaka 2016 Benki Kuu iliitwaa Crane Bank, mojawapo ya benki kubwa nchini. Swali lifaalo basi ni hili: nani huisimamia nyumba hiyo, nayo ikianguka nani atalipa?

Kwa benki jibu ni jepesi. Kila benki yenye leseni ya Benki Kuu huchangia Mfuko wa Kulinda Amana, ambao humlipa mwenye akiba hadi shilingi milioni 10. Kinga hiyo yamtosha askari wa kawaida. Afisa aliyeuza kiwanja na afikiri tena.

Vyama vya akiba na mikopo vina sheria yao ya mwaka 2016, na mfuko huo hauvikingi. Uzuri wake ni kwamba mwanachama ndiye mwenye chama: ana kura moja, awe na hisa 5 au 500, na mkopo wake hudhaminiwa na wenziwe, watu wanaozijua hata tabia zake za siku ya mshahara. Kabla ya kulipa kiingilio, aombe kuonyeshwa cheti cha kuandikishwa na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, na aulize mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini. Karani anayekunja uso kwa maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Tena askari ana shida asiyo nayo mwenye duka wa Gulu, nayo ni uhamisho. Chama cha mtaa hakitamfuata Moroto. Kwa ajili hiyo wanajeshi wana chama chao, Wazalendo, kilichoanza mwaka 2005, na polisi wana Exodus.

Popote fedha ziwekwapo, lipo jambo ambalo jamaa wengi hulisahau: jina la mrithi. Kuruta huandika jina la mama yake, kisha huoa, huzaa, huenda vitani, na karatasi hubaki vile vile. Afadhali mke aende ofisini pamoja na mumewe, alione jina lake limeandikwa, aijue namba ya akaunti, na aambiwe pia deni lililobaki.